Pampu Iliyopokea Simu

Nyinyi mliotoka chuoni na vyeti vya ufundi wa maji, nasikia mkiwa peke yenu mwaniita Bi Saida Pampu. Sikasiriki. Wanawake wengi wa rika langu wameitwa mke wa fulani mpaka wakaingia kaburini. Mimi nimepata jina kwa kazi ya mikono yangu. Basi kaeni. Nimeshapumzika kazi, miguu haitaki tena kupanda boda kutoka Mokowe, lakini ulimi bado mzima. Anayetaka kuandika aandike, anayetaka kucheka acheke, maana kazi hii ya kuwasha pampu kwa simu ina vichekesho vingi kuliko inavyosemwa darasani.

Tuanze na laini. Mkinunua laini ya kutia ndani ya kisanduku cha pampu, msiifunge siku hiyo hiyo. Itieni kwanza kwenye simu yenu, mkae nayo siku chache, msikilize nani atakayepiga. Mimi hili sikufundishwa na kitabu. Zamani kidogo, visanduku vya mwanzo vilikuwa havichagui mtu: namba yoyote ikipiga, pampu yawaka, ikipiga tena, yazima. Nikafunga kimoja kwenye shamba la mzee wa heshima upande wa Mokowe, tukajaribu, tukashukuru, nikarudi zangu Mkomani, mjini Lamu. Ikaingia miezi ya harusi. Mzee akanijia uso umemsawijika.

“Bi Saida, kisima changu kimeingia jini. Tena jini wa kike. Hutulia asubuhi, kisha alasiri huwasha, huzima, huwasha, mpaka mabamia yameoga yakaoza.”

Alikuwa keshamwita mwalimu asome. Mwalimu akasoma vizuri, na pampu ikawaka katikati ya dua, watu wakakimbia. Nilipokwenda nikatoa laini, nikaitia kwenye simu yangu. Hata sijakaa vizuri ikalia, sauti ya mama mmoja ikaniambia, “Bi, ile hina ya mwanangu waja kuitia lini? Harusi ni Alhamisi!” Kumbe namba ile kabla yangu ilikuwa ya bibi mtia hina, mashuhuri Lamu nzima. Aliiacha, kampuni ikaiuza tena, na mabibi harusi wote wa mji wakawa wanamwagilia mabamia ya mzee wangu bila kujua.

Kisa hicho nilikisimulia mara nyingi, na mahali pamoja kilizaa jambo. Nitafika huko.

Kwanza niwaambie niliingiaje kazini, kwa sababu sikuzaliwa na bisibisi mkononi. Nilikuwa nauza vipuri dukani, pale Mkomani. Wakulima walivuka maji kuja kununua, na hakuna aliyejua jina la anachokitaka. “Bi, nipe kile kidude cha duara.” Duka zima ni vidude vya duara! Nampa, avuka nacho, kesho arudi nacho, si chenyewe. Siku moja nikachoka. Nikakichukua kidude, nikavuka na mteja, nikaone kinakwenda wapi.

Nikamkuta fundi amelala kifudifudi, kichwa kimeingia kisimani. Huyo ndiye Mzee Mutiso, Mungu amlipe. Alitoka Ukambani akiwa kijana, kazi ikamleta Lamu, nayo Lamu ikamshika. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, lakini Kiamu chetu cha Lamu kilimpiga chenga. Nikamwita aje aone kidude: “Mzee, ndoo!” Sisi kwetu “ndoo” ni “njoo”, na “ndia” ni “njia”. Mzee Mutiso akainuka, akaniletea ndoo ya maji. Nikamwambia, “La, ndoo!” Akaiweka ile, akanitafutia nyingine, kubwa zaidi. Tulipofahamiana tulicheka mpaka mteja akatukumbusha kwamba nyanya zake zinakufa. Toka siku hiyo, kila nikimwita yeye huitikia, “Ya plastiki au ya bati?” Na toka siku hiyo nikawa mwanafunzi wake.

Mzee Mutiso hakufungua sanduku la vifaa kabla ya kuonja maji. Huteremsha kopo, huteka, huyazungusha kinywani kama mpishi aonjaye mchuzi, kisha hutema. Nilidhani ni mila za kwao. Akanieleza: maji matamu ya pwani hii hayajai ardhini mpaka chini. Hukaa juu ya maji ya chumvi, kama tui zito lililopanda juu ya tui jepesi. Ukiteka kwa utaratibu, wapata la juu. Ukivuta kwa nguvu na kwa muda mrefu, la chini hupanda, na likishapanda halishuki kwa kuombwa.

“Mota ikiungua utasikia harufu siku hiyo hiyo,” alikuwa akisema. “Kisima kikiharibika hakina harufu. Utajua majani yakianza kukauka pembezoni, na hapo umechelewa.”

Kwa hiyo chombo cha kwanza cha fundi pampu ni ulimi. Cha pili ni kitambaa kikavu, maana upepo wa chumvi hula nyaya zetu kama mchwa. Pangusa, paka grisi, funika. Na mzibe kila tundu la kisanduku kwa wavu. Mjusi kafiri apenda joto la humo ndani kama mgonjwa apendavyo jua la asubuhi. Nimewahi kuitwa kwenye pampu iliyokataa kabisa kuitikia simu, mwenyewe keshailaumu kampuni, serikali na jirani yake. Nikafungua. Mjusi amelala juu ya nyaya, amekauka kama samaki wa chumvi.

Sasa hicho kisa nilichowaahidi.

Palikuwa na Bwana Famau wa Kizingitini. Kazi yake kununua kamba mawe kwa wazamiaji, kuwaweka hai, na kuwapelekea wenye mahoteli. Mkewe, Bi Mwanahawa, alikuwa mkulima Kililana, kwenye shamba alilorithi kwa babake, lenye kisima ambacho babake alikichimba kwa mikono. Alilima matikiti na pilipili, na matikiti yake watu waliyajua. Mume siku nyingi za mwezi yuko Kizingitini, mke yuko Kililana, na ndoa yao iliendelea vizuri hivyo, mpaka pampu ya petroli ilipomtegua Bi Mwanahawa bega. Mwaijua ile ya kuvuta kamba ili iwake. Alivuta, ikamvuta yeye.

Bwana Famau akanijia mbio. “Bi Saida, nasikia kuna pampu ya sola yenye kisanduku cha simu. Nifungie. Mimi navuta kamba Kizingitini, sitaki mke wangu avute kamba Kililana.”

Nikacheka, nikampenda kwa neno lile. Nikaenda nikafunga. Namba ya Famau nikaitia ndani ya kisanduku, maana siku hizo visanduku vilishajua kuchagua: humwitikia aliyeandikishwa tu. Bi Mwanahawa alikuwa amesimama na mkono wake umefungwa kwa kanga, atazama.

“Na mimi nitaiwashaje?” akauliza.

“Kuna swichi hapa, ya mkono,” nikamwonyesha.

“Naam,” akasema. Mimi nikaona kazi imekwisha, nikakusanya vifaa.

Bwana Famau akaingia wazimu wa furaha. Alikaa Kizingitini, apiga namba, mara ujumbe waingia: PAMPU IMEWAKA. Apiga tena: PAMPU IMEZIMA. Akawaonyesha wazamiaji. Akawaonyesha wanunuzi wa kamba kutoka Mombasa. Akamwonyesha imamu baada ya swala. “Tazameni,” husema, kidole kimoja hewani, “namwagilia Kililana!” Watu wakasema mashallah. Na kila mgeni akija, Kililana hunyesha.

Ukapita muda, nikapigiwa simu na Bi Mwanahawa.

“Bi Saida, ndoo unitolee mke mwenzangu.”

Nikashtuka. “Mke mwenza gani? Famau kaoa?”

“Huyu uliyemtia wewe kwenye kisanduku. Humpigia asubuhi, humpigia adhuhuri, humpigia alasiri. Mimi hunipigia Ijumaa.”

Nikadhani ni utani. Nilipofika sikuona utani. Usiku uliopita mvua ilinyesha, ardhi bado tope, na pampu inanguruma. Matikiti yalikuwa yamepasuka kwa kushiba maji, mekundu nje kwa nje, nyuki wamejaa. Nikaenda kwenye pilipili, nikageuza majani. Pembezoni yamekauka, kama karatasi iliyopitishwa motoni. Nikateremsha kopo, nikateka, nikaonja. Sikuhitaji kuyazungusha kinywani.

“Tangu lini?” nikamwuliza.

“Mimi niliona chai haina ladha nzuri. Nikamwambia. Akasema pampu yamjibu kila kitu sawa.”

Nikampigia mwenyewe. “Bwana Famau, kisima chaingia chumvi. Pampu ipumzike.”

“Haiwezekani, Bi Saida. Yanijibu vizuri kabisa, hata mara moja haijakosa.”

“Yakujibu kwamba imewaka. Haikwambii yatoa nini.”

“Sawa, sawa, tutasema. Nina wageni hapa.”

Akakata. Nami nimesimama pale pale, simu bado sikioni, pampu ikawaka. Alikuwa awaonyesha wageni!

Nikaizima kwa mkono. Bi Mwanahawa akanitazama. “Utaizima leo. Kesho utakuwa Mkomani.”

Hapo wanangu, mjue, chuoni hawawafundishi. Aliyeniita kazi ni mume. Mwenye kisima ni mke. Mimi nashika bisibisi katikati. Nikamwambia naweza kuitia saa, iwe inajizima yenyewe, lakini lazima Famau akubali. Akatikisa kichwa. Akakitazama kisanduku, kisha akasema, “Bi Saida, kile kisa chako cha hina. Ulipotoa laini ukaitia kwenye simu yako, simu zote zikaja kwako, si ndivyo?”

“Ndivyo.”

“Na hii laini ya pampu imesajiliwa kwa jina la nani?”

Nikakumbuka. Siku ya kuisajili, Bwana Famau alisahau kitambulisho chake Kizingitini. “Kwa jina lako,” nikasema.

Akanyoosha mkono ule mzima. “Nipe bisibisi.”

Nikampa. Akakifungua kisanduku mwenyewe, akatoa laini, akaipangusa kwa pindo la kanga, akaitia kwenye simu yake. Kisha akabandika chai, ya maji tuliyoletewa na jirani, Mama Nduta, mwanamke wa bara mwenye shamba la pili. Tukanywa, tukangoja. Mimi nilikuwa na hofu, lakini kusema kweli nilikuwa na hamu pia.

Baada ya alasiri simu ikalia. Bi Mwanahawa akaiweka spika, akakohoa, akatengeneza sauti.

“Haloo, pampu hapa. Nani mwenzangu?”

Upande wa pili nikasikia watu wengi wakinyamaza kwa pamoja, nikajua naye ameweka spika ili wageni wasikie.

“Nani?” akasema Bwana Famau.

“Pampu. Pampu ya Kililana. Watakani?”

“Mwanahawa?”

“Mwanahawa yuko shambani, aokota matikiti yaliyopasuka. Nimpe salamu zako? Maana kwa kawaida huniulizi habari zake.”

Kule Kizingitini mtu mmoja akacheka, kisha wa pili, kisha nikasikia kishindo kizima cha kicheko. Bwana Famau akababaika. “Mimi… nataka… iwashwe.”

“Siwaki, bwana. Kisima cha babake Mwanahawa kimeingia chumvi. Ukitaka hakika, ndoo uonje.”

Akakata. Sote wawili tukacheka mpaka tukashikana. Halafu yeye akaacha kucheka kabla yangu, akafuta macho, na sikujua ni machozi ya aina gani.

“Atakasirika, Bi Saida.”

“Atakasirika.”

“Na akija na hasira zake?”

“Akija, atakuwa amekuja,” nikamwambia.

Kesho yake adhuhuri akaja. Mashua mpaka Lamu, mashua mpaka Mokowe, boda mpaka Kililana, na jasho la ndia nzima usoni. Mimi nilikuwa nimelala pale, sasa niko ndani ya tangi nasafisha, nikajifanya siko. Hakutoa hata salamu.

“Mwanahawa, umenitia aibu mbele ya watu!”

Mkewe akateremsha kopo kisimani, akajaza bilauri, akampa kwa mikono miwili kama ampavyo mgeni. Mtu ametoka juani, koo limekauka. Akainywa pigo moja kubwa. Nikaona mashavu yamejaa, macho yamemtoka, hawezi kumeza na aona haya kutema. Mwisho akatema.

“Maji gani haya?”

“Ndiyo hayo ulikuwa ukiwaonyesha wageni.”

Akaitazama bilauri. Akakitazama kisima. Hasira ikamtoka usoni kama maji yatokavyo kwenye mpira uliopasuka. “Babako alinipa maji ya kisima hiki siku nilipokuja kukuposa,” akasema polepole. “Nikamwambia sijanywa matamu kama haya.”

“Alikuwa akilikumbuka neno hilo mpaka alipokufa,” Bi Mwanahawa akasema.

Bwana Famau akakaa chini, hapo hapo kwenye tope, na nguo zake za safari. “Wallahi mimi nilitaka usivute kamba tu.”

“Najua. Nalijua tangu siku ya kwanza. Lakini habari za shamba ukawa waiuliza pampu. Mimi nipo, na ulimi ninao.”

Akanigeukia mimi, nami sikuwa na pa kujificha zaidi ndani ya tangi. “Bi Saida, yatarudi matamu?”

Ningeweza kumpa moyo. Nikampa ukweli. “Sijui. Kisima hakitengenezwi kwa bisibisi. Kipumzike, kingoje mvua kubwa. Mwenyezi Mungu akipenda, yatarudi.”

Matikiti ya msimu ule yote yalikwenda. Pilipili tulizipigania. Mama Nduta akatoa maji ya kisima chake, kilicho mbali zaidi na bahari. “Chukueni,” akasema, “lakini mteke polepole, na mimi nisije nikapikia watoto chumvi.” Na Bwana Famau, aliyezoea kumwagilia kwa kidole kimoja, akafunga kikoi, akaswaga punda mwenye mitungi, kwenda na kurudi. Punda hana laini. Alisimama katikati ya ndia akitafakari mambo yake, na Bwana Famau amsihi kwa Kiswahili, kwa Kiarabu, na kwa maneno mengine ambayo sitayarudia mbele yenu. Mama Nduta alileta kigoda akakaa kutazama. Bi Mwanahawa hakucheka mbele yake, lakini nilimwona ameingia jikoni ghafla, na mabega yote mawili, zima na bovu, yakimtikisika.

Kamba mawe walipomwita akarudi Kizingitini. Kisima kikafunikwa. Kila asubuhi Bi Mwanahawa huonja, na kila asubuhi ikawa bado. Mvua za masika zikaja, zikanyesha kwa wema, na bado ikawa bado. Kuna siku aliniambia kwenye simu kwamba ameanza kuota babake amesimama penye kisima, hasemi kitu. Nikamwambia aendelee kuonja.

Kisha asubuhi moja akanipigia, asiseme neno. Nikasikia mtu anakunywa maji, pigo refu, polepole, mpaka mwisho.

“Yamerudi?” nikauliza.

“Ndoo unywe,” akasema.

Nikavuka siku hiyo hiyo. Yalikuwa matamu, labda si kama ya zamani, lakini matamu. Nikafungua kisanduku nikitengeneze upya. Nikaomba ile laini niirudishe mahali pake. Bi Mwanahawa akakataa. Akasema ameshaizoea. Basi nikaitilia pampu laini mpya, inayoitikia namba yake yeye peke yake, na kujizima ikifanya kazi kupita kiasi. Bwana Famau hakuomba namba mpya. Alibaki na ya zamani, inayolia mkononi mwa mkewe.

Toka hapo, wanangu, kabla sijafunga kisanduku popote, nilikuwa nauliza kwanza: nani analala karibu na kisima hiki? Nani anakunywa chai yake? Huyo namba yake iwe ya kwanza, hata kama aliyelipa yuko Kizingitini, au Nairobi, au Dubai. Simu yafika mbali, na mimi siipingi. Imeokoa mabega ya wanawake wengi. Lakini ulimi wa kuonja haujapata laini bado.

Mara ya mwisho kwenda Kililana haikuwa kazi, nilikwenda kula. Bi Mwanahawa alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, pilipili kutoka shambani. Tumekaa mkekani, tonge la pili mkononi, simu ikalia. Akatazama, akanawa, akatoka nje nayo. Nikamwona apita kati ya mistari ya pilipili, aongea, acheka, ainama kung'oa gugu, aongea tena. Alikaa sana. Mimi nikala wali wangu, kisha nikala sehemu ya wake.

Aliporudi nikamwuliza, “Famau ataka uwashe?”

“La,” akasema, akakaa, akaisogeza sahani yake, uso umemnawiri kama mwari. “Aniuliza kama nishakula.”